Mwenyekiti Aliyekataa Kuinua Mkono

Merrill Gaudette alizikwa Novemba, siku ambayo ardhi ya Corliss ilikuwa imeanza kuganda na mchimba kaburi akatuomba tuharakishe. Tulikuwa watu kumi na wanane. Nilihesabu, maana mimi ndiye karani wa mji huu na kuhesabu watu ni ugonjwa wangu. Mtu aliyetuongoza miaka ishirini na sita alistahili umati wa kujaza ukumbi. Kwa nini alipata kumi na wanane tu, nitaeleza, ingawa sina hamu ya kueleza.

Kwetu Vermont, jimbo dogo la Marekani, Jumanne ya kwanza ya Machi ni siku ya Mkutano wa Mji. Hatuna meya na hatumtaki. Mtu mzima yeyote mwenye jina kwenye daftari la wapiga kura anakuja ukumbini na matope yake viatuni, anaketi kwenye kiti cha chuma, na kabla jua halijazama tumeshaamua wenyewe barabara ipi imwagwe kokoto, gari la zimamoto linunuliwe au lingoje, mbwa wazurure au wafungwe. Tunaringa sana kwa hilo. Tukienda miji mikubwa tunawaonea watu wake huruma, kana kwamba wao wana mabwana na sisi hatuna.

Merrill alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Alikuwa na mikono mipana, miwani mizito na mikanda myekundu ya kushikilia suruali, na hakusoma zaidi ya sekondari. Tulimchagua kuwa mwenyekiti wa mkutano alipokuwa na miaka thelathini na minane kwa sababu moja tu, kwamba hakuna mtu Corliss aliyejua Merrill anafikiria nini juu ya jambo lolote. Ulikuwa unaweza kumpigia kelele saa nzima juu ya kodi akakusikiliza, akakushukuru, akarudi kukamua.

Kanuni yake kubwa ilikuwa ile ya zamani: unaongea na mwenyekiti, huongei na jirani yako. Wapo ndugu wawili hapa, siwataji, waliokuwa hawajasemeshana miaka saba kwa ajili ya ua wa mpakani. Siku moja mmoja alisimama akasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, mwambie kaka yangu ng'ombe wake ni wezi." Mwingine naye akasimama. "Mheshimiwa, mwambie huyo ua wake umeoza, ng'ombe wangu wanapita tu kama wageni." Merrill aliupokea kila ujumbe na kuupeleka upande wa pili bila kutabasamu, mpaka ukumbi ukawa unalia kwa kicheko na wao wenyewe wakacheka. Mwezi wa Mei walijenga ua pamoja.

Hakumpendelea mtu. Mkewe Yvette, Mungu amrehemu, alipitisha muda wake akitetea maktaba, na Merrill akagonga meza kwa nyundo yake ya uenyekiti. "Muda wako umekwisha, mama."

"Na chakula chako kimekwisha pia, mheshimiwa," Yvette akamjibu, akaketi. Inasemekana Merrill alikula mkate mkavu siku tatu.

Katika miaka yote hiyo hakupiga kura ukumbini hata mara moja. Alikuwa na haki hiyo, hasa kura zikilingana, lakini zilikuwa hazijawahi kulingana. Kutoegemea kwake ndiko kulikokuwa utajiri wake, na alikulinda kama wengine wanavyolinda shamba. Mimi nilikuwa na wangu. Nilikuwa karani ambaye hajawahi kukosea hesabu, na nilihakikisha kila mtu anajua.

Basi ukaja mwaka wa shule.

Hoja ilikuwa fupi: shule ya kijiji iendelee. Ikianguka, watoto wetu wangepakiwa basi kila alfajiri kwenda ng'ambo ya mlima, dakika arobaini na tano barabara ikiwa kavu. Mimi nilijifunza kusoma katika shule ile. Celeste, binti pekee wa Merrill, ndiye aliyekuwa mpishi wa shule hiyo, na mtoto wa Celeste, Junie, alikuwa darasa la tatu. Walikuwa wakiishi wote watatu katika nyumba ya shambani tangu Yvette afariki. Celeste alikwisha kusema wazi kwamba shule ikifungwa kazi yake imekwisha, na kazi ikiisha atahama, maana Corliss hakuna kazi nyingine.

Ukumbi ulijaa. Dwight Pomeroy, muuza kuni, alisimama wa kwanza kuipinga.

"Mheshimiwa mwenyekiti, watoto thelathini na mmoja! Shule nzima inaingia kwenye basi moja na dereva anabaki na pa kulaza miguu. Kodi yangu ya kuigharamia imepanda mara tatu tangu mke wangu aniache."

"Kwani alikuacha kwa sababu ya kodi?" sauti ikauliza nyuma.

"Ongea na mwenyekiti," Merrill akasema.

"Mheshimiwa, muulize Dwight kama aliachwa kwa sababu ya kodi."

Tulicheka, na Dwight mwenyewe akacheka. Halafu Celeste akasimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alimwambia baba yake, kama kanuni inavyotaka. "Mimi ndiye ninayewapikia wale watoto. Namjua ambaye hajala tangu jana hata kabla hajavua koti. Huko ng'ambo ya mlima, nani atamjua?"

Merrill alimshukuru kama alivyomshukuru Dwight.

Tulipiga kura kwa sauti. Ndiyo zilitikisa madirisha, na siyo zikayatikisa vilevile. "Mwenyekiti hana uhakika," Merrill akasema. "Mkutano ugawanyike. Wanaokubali wasimame upande wa madirisha, wanaokataa upande wa jiko. Karani atahesabu."

Nikatoka mezani pangu chini ya jukwaa, penseli mkononi, nikasimama katikati ya ukumbi. Hiyo ndiyo sehemu niliyokuwa naipenda kuliko zote, watu wote wakinisubiri mimi. Nilipita nikigusa hewa mbele ya kila kifua. Madirishani tisini na wanne. Jikoni tisini na wanne.

Nilitangaza, na watu wakaguna.

"Karani," Merrill akaniambia taratibu, "una uhakika umehesabu kila mtu?"

"Kila mtu, mheshimiwa."

"Hesabu tena, tafadhali. Kila mwenye haki ya kura aliyemo humu ndani."

Nilihesabu tena, safari hii nikikanyaga sakafu kwa visigino ili asikie nilivyoudhika. Tisini na wanne. Tisini na wanne.

"Una uhakika, Lorna?"

Miaka yote ile hakuwahi kuniita kwa jina langu akiwa jukwaani. Damu ilinipanda usoni. "Mheshimiwa, kama humwamini karani wako, shuka uhesabu mwenyewe!"

Ukumbi ukacheka, ukawa upande wangu, nami nikafurahi. Merrill alinitazama kwa muda mrefu. Nikadhani ameaibika.

"Kura zimelingana," akasema hatimaye. "Kanuni inamruhusu mwenyekiti kuvunja sare. Haimlazimishi."

"Baba," Celeste akaita kutoka madirishani.

Merrill alikuwa akiitazama nyundo.

"Baba, Junie yuko pale nje anauza keki na wenzake. Inua mkono tu. Mkono mmoja!"

"Hapa hakuna baba, Celeste. Yuko mwenyekiti." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nikiinua mkono kwa ajili ya mjukuu wangu, mwakani hakuna atakayeiamini nyundo hii. Kura zimelingana, hoja imeanguka." Akagonga.

Mchana tulikula pamoja kama desturi. Maharage ya kuoka aliyoyaleta Merrill hayakuguswa na mtu, si wa madirishani wala wa jikoni.

Alhamisi asubuhi niliketi ofisini kuandika kumbukumbu za mkutano. Daftari la mlangoni, ninapomtia alama kila mpiga kura anayeingia, lilikuwa na majina mia moja na tisini yaliyowekewa alama. Tisini na nne mara mbili ni mia moja themanini na nane. Ukimwongeza Merrill, mia moja themanini na tisa. Mmoja hakuonekana. Nikasema labda alikuwa chooni. Nikapitia majina yote, moja moja, nikikumbuka kila uso na upande uliosimama. Nilipofika herufi P nilikuta jina langu, Lorna Pike, lenye alama niliyoiweka mwenyewe saa mbili asubuhi.

Nilikuwa nimesimama katikati. Nilihesabu ukumbi mzima mara mbili na sikujihesabu.

Mahali pangu palikuwa madirishani. Ningesogea hatua nne tu, shule ingebaki.

Sheria inatoa siku thelathini za kuomba hoja irudiwe. Ningebandika tangazo mlangoni, ningesema nimekosea, basi. Siku ya kwanza niliona haya. Siku ya pili Dwight alikuja akanisifu kwa kumjibu Merrill vile, na nikazidi kuona haya. Siku ya kumi nikajiambia kwamba hata hivyo mwenye kosa ni Merrill, maana yeye alikuwa na mkono na akakataa kuuinua. Siku thelathini zikapita.

Shule ilifungwa Juni. Celeste alifunga vitu vyake kwenye gari moja akaenda Pennsylvania na mtoto. Hakumuaga baba yake. Merrill alisimama barazani, na watu waliopita barabarani wanasema alibaki amesimama pale hata vumbi lilipokuwa limekwisha kutulia.

Mji ulimgeuka. Waliotaka shule walimwita msaliti, na waliotaka ifungwe nao walimdharau, wakisema mtu asiyeweza kumsaidia mtoto wake atamsaidia nani. Machi iliyofuata tukachagua mwenyekiti mwingine. Kura hizo nilizihesabu mimi. Merrill alimkabidhi mwenzake nyundo, akampa mkono, akaenda kuketi safu ya mwisho karibu na makoti. Aliketi pale kila Machi, na hakusimama kuongea tena.

Na mimi je? Dukani, walipomsema, nilikuwa nasema nao. Nakumbuka maneno yangu vizuri. "Mtu aliyeshindwa kuinua mkono mmoja," nilisema, "alikuwa anaogopa uzito gani?" Watu walicheka. Mimi huyu, niliyeshindwa kwenda hatua nne.

Ikapita miaka kumi. Celeste aliniandikia mara moja, akitaka nakala ya cheti cha kuzaliwa cha Junie, aliyekuwa anaingia chuo. Alianza barua kwa "Shangazi Lorna," kama alivyoniita tangu utotoni ingawa hatuna undugu, akaweka namba yake ya simu. Hakumuulizia baba yake. Nilituma cheti.

Machi ya mwaka jana Merrill alikuja ofisini kukata leseni ya mbwa wake, kama kila mwaka. Alikuwa amekonda, na mikanda myekundu ilikuwa imemlegea mabegani. Nilimwandikia leseni, na mkono wangu ukakataa kumpa.

"Merrill," nikasema, "lazima nikuambie kitu kuhusu hesabu ile."

"Ya shule," akasema.

"Nilimsahau mtu mmoja."

"Najua. Nilikuuliza mara mbili."

"Ulijua pale pale?"

"Nilikuwa jukwaani, mama. Kutoka juu kule ukumbi mzima unaonekana. Nilimwona mwanamke mmoja katikati, penseli mkononi, hana upande."

"Sasa kwa nini hukuniambia? Ungesema tu, Lorna, wewe umesimama wapi!"

"Mwenyekiti hamwambii mpiga kura akapige. Na nilijua ungesimama wapi. Hilo ndilo lililonifunga mdomo. Ningekuwa nimejiinulia mkono kupitia kwako."

"Na baada ya mkutano? Hukuwa mwenyekiti tena ulipofika nyumbani kwako!"

"Nilingoja useme mwenyewe. Siku thelathini zilipoisha nikaona basi. Kura ni ya mwenyewe, Lorna, hata ile ambayo hakuipiga. Si yangu kuitangaza."

"Wamekusema miaka kumi, mzee. Mimi mwenyewe nimekusema."

"Nilisikia." Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi. "Mimi pia nina langu, usilibebe lote. Ningeweza kumpa mwingine nyundo, nikashuka, nikasimama na binti yangu madirishani. Kanuni inaruhusu. Nilikumbuka hilo kesho yake, nikikamua. Nilikuwa najipenda sana nilivyo msafi."

Nikalia. Nilimwahidi kwamba nitalisema, tena mahali pake panapostahili, kwenye Mkutano wa Mji, kipengele cha mengineyo, liingie kwenye kumbukumbu.

"Mkutano umepita wiki iliyopita," akasema. "Mwingine ni mwakani."

"Mwakani basi. Nataka liandikwe."

"Celeste ana simu," akasema Merrill, akichukua leseni. Alisema taratibu, akitazama karatasi ya mbwa. Ndilo jambo pekee aliloniomba, na hata halikuwa ombi.

Sikupiga. Nilikuwa na namba kwenye faili, hatua mbili kutoka kitini pangu. Nilitaka kukiri kwa utaratibu, mbele ya watu, nikiwa nimesimama wima, kwa maneno niliyoyapanga. Hata kosa langu nilitaka liwe kwenye karatasi safi. Novemba Merrill alikwenda kuwapa ng'ombe maji na hakurudi ndani.

Celeste hakuja kuzika. Watu kumi na wanane, nimeshasema.

Kila mwaka kitabu cha taarifa ya mji kinatolewa kwa heshima ya mtu mmoja, na karani ndiye anayekiandaa. Mwaka huu niliweka picha ya Merrill na nyundo yake. Nikamtumia Celeste nakala, naye akaja mkutanoni na Junie, msichana mrefu sasa, mwenye miwani ya babu yake. Waliketi safu ya mwisho, karibu na makoti. Hakuna aliyewaambia kwamba ndipo alipokuwa akiketi.

Tulipofika mengineyo nikasimama. Nilisoma karatasi yangu yote. Mia moja na tisini, mia moja themanini na tisa, hatua nne, siku thelathini, Merrill alijua akanyamaza. Ilinichukua dakika tatu. Nilipomaliza, Dwight Pomeroy alikuwa ameinamisha kichwa.

Celeste akasimama. Mwenyekiti wetu wa sasa, kijana mpole anayefuata kanuni kama Merrill alivyomfundisha, akasema, "Dada si mkazi wa hapa tena. Je, mkutano unamruhusu aongee?" Ukumbi mzima ukajibu ndiyo, na sikusikia siyo hata moja.

"Yeye alijua?" Celeste akaniuliza. "Na wewe ulijua kwamba anajua? Tangu lini?"

"Tangu Machi ya mwaka jana," nikasema.

"Machi. Alikuwa hai miezi minane."

"Dada," mwenyekiti akasema kwa upole, "tafadhali ongea na mwenyekiti."

Nadhani Celeste alikuwa anamsikia mtu mwingine akisema maneno yale. Akaniondolea macho, akageuka jukwaani.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akasema, "mwambie karani kwamba namba yangu ya simu alikuwa nayo."

Mwenyekiti alinitazama, na midomo yake ikacheza bila kutoa sauti. Hakuweza kuupeleka ujumbe ule. Ulikuwa umeshanifika. Celeste alichukua makoti mawili, akampa Junie moja, wakatoka.

Mtu akatoa hoja tufunge mkutano, mwingine akaiunga mkono. Kumbukumbu niliziandika kesho yake. Kwa kawaida maneno ya watu nayafupisha, lakini hayo ya Celeste sikuyafupisha. Yako ukurasa wa tisa, neno kwa neno, kwa mwandiko wangu.